Sadaka ya ufundi



Wasikilizaji wapendwa, ninyi mlioketi mbele ya redio pamoja na katekista wenu, na ninyi mtakaosoma maneno haya katika kitabu, karibuni. Mwajua ya kuwa kuwapa makao wasio na makao ni mojawapo ya matendo ya huruma. Leo tutauliza swali moja tu: mtu aliyejifunza kazi, awe mwashi au seremala, mwuguzi au mwalimu, dereva au karani, ana deni gani kwa jirani zake siku wanapopatwa na maafa? Yatosha atoe sarafu mbili tatu kama watu wote, kisha arudi kazini pake? Au ule ufundi wake nao ni mali awezayo kuitoa?

Ili tusiseme maneno matupu, nitawasimulia habari ya kweli, yenye miaka yake na mahali pake. Habari hiyo yaanzia mjini Goma, yavuka bahari hadi Ujapani, kisha yaturudia sisi wenyewe. Sikilizeni vizuri.

I. Picha ya watu katika mvua

Wazee wetu wa Kivu hawajasahau mwezi wa saba wa mwaka 1994. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda, watu mamia elfu walivuka mpaka, wakaingia Goma katika siku chache tu. Walilala juu ya mawe meusi ya volkano. Kipindupindu kikawaangusha wengi. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuwahudumia wakimbizi liliwagawia maturubai ya plastiki wajifanyie vibanda. Lakini turubai halisimami lenyewe; lahitaji miti. Basi watu wakaingia misituni, wakakata miti ya kujengea na kuni za kupikia, hata misitu ya Virunga ikajeruhiwa vibaya. Shirika likajaribu kuwapa mabomba ya alumini badala ya miti. Wakimbizi wakaona kwamba alumini ina bei sokoni. Wakaiuza, wakarudi msituni na mapanga.

Wakati ule mjini Tokyo, katika nchi ya Ujapani, aliishi fundi aitwaye Shigeru Ban. Kazi yake ilikuwa kuchora nyumba na kusimamia ujenzi wake. Aliona picha za wakimbizi hao, wamejitanda mablanketi, wanatetemeka katika mvua. Watu wengi duniani waliona picha kama hizo. Wengi walihuzunika, na wengi walitoa fedha, nao walifanya vema. Lakini Bwana Ban alizitazama kwa jicho la kazi yake. Aliona kwamba blanketi halifai kitu ikiwa kibanda kinavuja, na kwamba kibanda kibaya ni shauri la fundi wa nyumba. Shauri hilo lilikuwa lake.

Naye alikuwa na kitu mkononi. Mmeona dukani jinsi nguo inavyoviringishwa juu ya bomba gumu la karatasi? Nguo ikiisha, bomba hutupwa. Tangu mwaka 1986 fundi huyo alikuwa ameyachunguza mabomba ya namna hiyo, akayapima nguvu, akaona kwamba yaweza kubeba paa. Katika mwaka 1993 aliipata ruhusa ya sheria ya nchi yake ya kujenga kwa mabomba ya karatasi. Basi akasafiri mpaka Geneva, penye makao makuu ya shirika lile, akaeleza wazo lake: tuwape watu mabomba ya karatasi ya kusimamishia maturubai. Bomba la karatasi halina bei kubwa sokoni, hakuna atakayeshawishika kuliuza. Na mti wa msituni utapona.

Shirika likamkubali kuwa mshauri wake. Vibanda vya namna tatu vikajaribiwa: vyadumu muda gani, gharama yake ni kiasi gani, na mchwa wavila au hawavili. Mwaka 1999 vibanda hivyo vilisimamishwa kwa majaribio katika kambi ya Byumba, kaskazini mwa Rwanda. Tazameni, basi: miaka mitano ilipita kati ya picha na kibanda. Huruma huja kwa dakika moja, lakini kazi njema yadai saburi.

II. Paroko aliyesema hapana

Kabla majaribio hayo hayajakwisha, maafa yaliifikia nchi ya fundi mwenyewe. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46, ardhi ilitetemeka katika mji wa Kobe. Watu zaidi ya 6,400 walikufa. Nyumba zaidi ya laki moja zilianguka kabisa, moto ukafuata, na watu zaidi ya laki tatu wakawa hawana pa kulala.

Katika mtaa mmoja wa Kobe uitwao Nagata kulikuwa na viwanda vidogo vya viatu, na humo walifanya kazi wakimbizi waliotoka Vietnamu. Wengi wao walikuwa Wakatoliki, nao walisali katika parokia ya Takatori. Kanisa la parokia hiyo likateketea kwa moto.

Bwana Ban alisoma habari hizo, akapanda treni, akafika Takatori. Akawakuta waamini wakisali nje, penye mabaki ya kanisa lao. Akamwendea paroko, akamwambia kwamba yu tayari kuwajengea kanisa jipya kwa mabomba ya karatasi. Je, paroko alifurahi? Hakufurahi hata kidogo. Kanisa limeungua kwa moto juzi tu, na mtu huyu asiyejulikana anatuletea karatasi! Akamkatalia.

Hapa, ndugu, tusimame kidogo. Fundi aliyekataliwa angaliweza kukasirika na kusema: Nimetoka mbali kwa nauli yangu, sitaki malipo, nanyi mwanikataa? Basi kaeni na majivu yenu! Maneno hayo twayajua, maana hata katika vijiji vyetu yamesemwa. Mtu huleta msaada, usipopokewa namna alivyotaka, anageuka adui. Hapo ndipo panapoonekana alikuwa akimtafuta nani: ndugu yake aliye taabuni, au sifa yake mwenyewe.

Bwana Ban hakukasirika, wala hakukata tamaa. Aliendelea kusafiri kutoka Tokyo hadi Kobe, juma baada ya juma. Alizoeana na Wavietnamu, akaona jinsi walivyokaa. Waliishi katika bustani ya mji, chini ya maturubai ya plastiki. Mvua ikinyesha, maji yaliingia. Jua likiwaka, ndani palikuwa tanuru. Serikali ilikuwa na nyumba za muda, lakini zilikuwa mbali na viwanda, na mtu aliyehamia huko alihofia kuipoteza kazi yake. Tena majirani walianza kunung'unika juu ya mabanda yale.

Sasa fundi akajua lililotakiwa. Alikuja na wazo la kanisa. Watu walihitaji kwanza nyumba. Akachanga fedha, akawakusanya wanafunzi, na wakati wa kiangazi wakajenga nyumba ndogo za karatasi palepale bustanini.

Namna ya kuzijenga ilikuwa hivi. Msingi ulikuwa kreti tupu za bia za plastiki, zilizotolewa bure na kampuni, zikajazwa mifuko ya mchanga ili zisitikisike, na ili unyevu wa chini usipande. Ukuta ulikuwa mabomba ya karatasi yaliyosimamishwa wima moja kando ya jingine, kila moja lenye upana wa sentimeta kumi na kitu na unene wa milimeta nne. Kati ya bomba na bomba walitia utepe wa sponji kuzuia maji na upepo. Juu palikuwa na kitambaa cha hema. Kila nyumba ilikuwa na upana wa kama mita nne kwa nne, na vifaa vyake viligharimu chini ya dola 2,000. Mtu asiye fundi aliweza kuijenga akionyeshwa. Na siku ya kuibomoa, karatasi iliweza kutumiwa tena.

Paroko aliyaona hayo yote. Mwisho akamwambia fundi: kama utatafuta fedha mwenyewe, na kuleta wanafunzi wako mwenyewe, haya, jenga kanisa. Watu wa kujitolea 160 walifanya kazi majuma matano, wakasimamisha mabomba 58, kila moja lenye urefu wa mita tano, yakazunguka mahali pa kusalia kama nguzo. Kanisa hilo lilimalizika mwezi wa tisa wa mwaka 1995. Lilikusudiwa kudumu miaka mitatu. Likadumu miaka kumi, kwa sababu watu walilipenda. Mwaka 2005 likafunguliwa bomba kwa bomba, likapelekwa Taiwan, katika kijiji cha Taomi kilichoharibiwa na tetemeko la mwaka 1999. Huko likasimamishwa tena, likafunguliwa mwaka 2008. Katika mwaka 2014 Bwana Ban alipewa tuzo la Pritzker, lililo kubwa miongoni mwa mafundi wa kazi yake duniani.

III. Mambo matatu ya kushika

Wapendwa, twajifunza nini katika habari hii?

Jambo la kwanza: ufundi utolewao uwe umekomaa. Fundi yule hakuanza kuyajaribu mabomba yake juu ya vichwa vya wenye msiba. Alikuwa ameyapima miaka mingi, na sheria ilikuwa imeyakubali. Taabu ya watu si shule ya kujaribia kazi. Mtu asiyejua kuunga mfupa, asimshike aliyevunjika mguu kwa kisingizio cha mapendo. Na abebe machela, maana hiyo nayo ni kazi. Tena ajuaye kazi asilegeze mkono kwa sababu halipwi. Tetemeko la nchi laua zaidi kwa kuta zinazoanguka. Ukuta uliojengwa bure, ukijengwa vibaya, utaua sawasawa na ukuta uliojengwa kwa fedha.

Jambo la pili: fundi asikilize kabla ya kupima. Mwaka 2001 tetemeko liliharibu eneo la Bhuj huko Uhindi, na Bwana Ban akaenda kusaidia. Je, alibeba kreti za bia? La. Huko msingi ulifanywa kwa vifusi vya nyumba zilizoanguka, sakafu ikawa ya udongo kama desturi ya wenyeji, na paa likawa la mianzi na mikeka. Bomba lilikuwa lile lile, lakini nyumba ilikuwa ya watu wale. Mwenye kuvaa kiatu ndiye ajuaye kinapobana.

Jambo la tatu: ufundi ubaki mikononi mwa wenyeji. Baada ya tetemeko la Haiti la mwaka 2010, fundi huyo alijenga vibanda 50 pamoja na wanafunzi wa nchi jirani, Jamhuri ya Dominika, kwa mabomba yaliyopatikana hukohuko. Mgeni huondoka, aliyefundishwa hubaki. Msaada usioacha mwanafunzi nyuma yake ni kama maji ya mvua juu ya jiwe.

IV. Na sisi je?

Labda mmoja wenu asema moyoni: Hayo ni ya Wajapani, wenye treni na viwanda. Sisi tuna nini?

Ndugu, maafa hayakutusahau sisi. Tarehe 17 Januari 2002, siku ile ile ya mwezi kama ya Kobe, mlima Nyiragongo ulipasuka. Moto wa mlima ukapita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na watu makumi elfu wakapoteza nyumba zao. Tarehe 22 Mei 2021 mlima huo ulipasuka tena. Watu walikimbia usiku, na mamia ya watoto wakapotezana na wazazi wao. Tarehe 4 Mei 2023, katika Kalehe, mvua kubwa iliifurisha mito, nayo maji na mawe yakavikumba Bushushu na Nyamukubi. Miili zaidi ya 400 ilizikwa, na watu wengi hawakuonekana tena.

Katika siku hizo ni nani aliyefaa? Huko Kalehe hospitali ya Panzi ya Bukavu, ya Daktari Denis Mukwege, ilipeleka madaktari wa upasuaji pamoja na wataalamu wa kuwalaza wagonjwa usingizi. Watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walizika wafu. Na wale watoto wa Goma, ni nani aliyewarudisha kwa mama zao? Kazi hiyo yahitaji mtu wa kuandika: jina la mtoto, jina la baba, mtaa, nguo aliyovaa. Ni kazi ya karani. Siku za amani twamwona karani kama mtu wa kupiga mihuri tu. Siku ya maafa, daftari lake ni daraja kati ya mama na mwana.

Vivyo hivyo mwashi ajuaye kutazama ukuta uliosimama na kusema: humu msilale. Vivyo hivyo seremala, fundi wa visima, mwuguzi, na mwalimu ambaye hukusanya watoto chini ya mti ili siku zao zipate tena saa na utaratibu. Fedha yaweza kununua mbao. Fedha peke yake haipigi randa.

V. Maswali na majibu

Katekista asome swali, na wote wajibu pamoja.

Swali: Ufundi waweza kuwa sadaka?
Jibu: Ndiyo. Fundi atoapo kazi ya mikono na akili yake kwa wenye msiba, ametoa sadaka ya kweli, ambayo pengine fedha isingeweza kuinunua.

Swali: Fundi maskini mwenye watoto alazimika kufanya kazi bure kila siku?
Jibu: Hapana. Watoto wake nao wahitaji kula. Atoe siku anazoweza kuzitoa, na jirani wamlimie shamba lake siku hizo.

Swali: Wenye kupokea fedha za maafa waweza kumnyima fundi mshahara wake, wakimwambia ajitolee?
Jibu: La. Sadaka hutoka kwa mwenyewe, haipokonywi. Msamaria mwema alitoa bure mafuta, divai na punda wake. Lakini mwenye nyumba ya wageni alimlipa dinari zake. Huruma haivunji haki.

Swali: Kazi ya bure yapasa kukoma lini?
Jibu: Yapasa kukoma wakati mafundi wa mahali wanapoweza kuishika kazi na kulipwa. Anayeendelea kufanya bure kazi ambayo seremala wa kijiji angeifanya apate riziki, amemnyang'anya jirani mkate wake.

Swali: Mtu asiye na cheti cha shule ana ufundi gani?
Jibu: Anao. Mkulima mzee ajua mto ulipita wapi zamani. Mvuvi ajua kuvusha watu ziwani. Mama ajua kupikia watu mia kwa vyungu vichache. Wajenzi wawaulize hao kabla ya kuchimba msingi.

VI. Kazi ya juma hili

Juma hili, ndugu, kila kijiji kifanye jambo moja. Baada ya sala ya Dominika, katekista achukue daftari, aandike majina ya watu wa kijiji na kazi ambayo kila mmoja aijua vizuri: fulani mwashi, fulani mwuguzi, fulani fundi wa baiskeli, fulani mwenye mtumbwi. Aandike pia vyombo walivyo navyo: misumeno, majembe, kamba, sufuria kubwa. Daftari hilo liwekwe mahali pa juu, pasipofikiwa na maji.

Tena kila fundi ajiulize kwa uaminifu: katika kazi yangu, ni jambo gani ninalolijua kabisa, hata naweza kulifanya vema usiku, katika mvua, watu wakilia? Alitaje hilo, liandikwe. Nalo la pili, alilolijua nusu, atafute mwenye kumfundisha sasa, wakati mto ungali chini na mlima ungali kimya.

Na ninyi wenye watoto wanaojifunza kazi, waambieni wasiharakishe kuacha darasa. Kijana apigaye randa vizuri leo, huenda kesho kutwa mlango wake ukafungwa juu ya familia isiyokuwa na mlango.

Bwana awabariki, na kwaherini mpaka somo lijalo.